Ndugu Msikilizaji

Asubuhi ile, zamu ya usiku ilipokuwa ikiikabidhi zamu ya mchana wodi ya wagonjwa mahututi, mashine ya kupumulia ya kitanda cha nne iliwaambia madaktari waache kuwatisha watu. Dokta alikuwa amesimama miguuni pa mgonjwa, mikono bado mibichi kwa dawa ya kuua vijidudu, akisikiliza taarifa ya muuguzi: mwanamume wa makamo, mwashi, shinikizo la damu la miaka mingi, aliacha vidonge mwezi uliopita, mshipa umepasuka kichwani. "Ndugu msikilizaji," mashine ikasema kila ilipotoa pumzi, "mwacha asili ni mtumwa. Weka vidonge chini, usikilize mwili wako." Muuguzi alingoja imalize, kisha akaendelea na habari za mkojo.

Muuguzi mkuu, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Kimya kwa sababu hakuwa na subira na kelele, alijaribu kupunguza sauti. Kitufe kilipunguza mlio wa tahadhari tu. Fundi wa mashine aliitwa, akafungua mfuniko, akapuliza vumbi, akaunganisha mapafu ya mpira ya majaribio, na mashine ikapumua bila neno. Akairudisha kwa mgonjwa, ikaendelea pale ilipoachia. Fundi akasema mashine ni nzima kabisa, inatoa nje kile alichonacho mgonjwa ndani, kwa hiyo hilo ni suala la madaktari na si la karakana. Akakusanya bisibisi zake akaenda kutengeneza friji ya chumba cha damu.

Siku zilizofuata vitanda vingine navyo vikaanza. Kitanda cha pili alikuwa mwalimu mwenye pumu aliyebadilisha dawa yake ya kuvuta kwa mvuke wa majani. Kitanda cha sita alikuwa dereva wa lori ambaye figo zake zilizimwa na juisi ya kusafisha figo. Wote walitoa pumzi kwa sauti moja, nene, yenye uvuguvugu, sauti ya mtu anayekuvutia kiti. Waliopata nafuu, sauti iliwaisha kidogo kidogo mpaka mashine ikabaki na upepo wake. Mwashi hakupata nafuu. Alikufa mchana, na mashine iliendelea mpaka ikamaliza sentensi, ndipo Mama Kimya akaizima na kumfunika.

Tatizo lilikuwa ndugu wa wagonjwa. Walikuja kuona mtu wao, wakakaa, wakasikiliza, na wengine waliondoka na maelekezo. Mke wa dereva aliomba mashine irudie kipimo cha tangawizi. Dokta akaamuru kila mgeni apewe pamba ya masikio mlangoni pamoja na barakoa, na agizo hilo likafuatwa bila ubishi, isipokuwa mtu wa stoo aliyelalamika kwamba pamba inakwisha.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Mama Kimya.

Dokta hakukubaliana naye. Masikio ya wagonjwa wake yalisikia vizuri sana, alisema, ila kuna mtu aliyewahi kufika kabla ya dawa. Alikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo na hakuyafunika kawa. Watu hawa hawakuwa wajinga. Mwashi alijua kupima ukuta kwa jicho. Lakini kliniki alipanga foleni tangu alfajiri, akaonana na mtu aliyetazama karatasi, akaambiwa presha iko juu, akaambiwa anayefuata aingie. Nyumbani akakuta sauti yenye nafasi ya kumuuliza amelalaje. Uongo, kwa maoni ya Dokta, haushindi kwa akili. Unashinda kwa kukaa kitako. Hata hivyo hakuwa tayari kuubembeleza, maana figo haipigi kura, na mshipa hauulizi umeamini nini kabla ya kupasuka. Haya aliyasema akiwa anabadilisha mpira wa kupumulia wa mgonjwa.

Ile sauti aliitambua tangu asubuhi ya kwanza. Ilikuwa ya kaka yake mkubwa.

Kaka yake alikuwa ametangaza mpira redioni kwa nusu ya maisha yake, na watu walidai kwamba kwake hata sare ya bila kwa bila ilikuwa tamu. Kituo kilipofungwa alibaki na sauti na simu. Akaacha vidonge vya goti, goti likapona lenyewe kama magoti yanavyofanya wakati mwingine, na tangu hapo akawa anatuma ujumbe wa sauti kila asubuhi kuhusu afya. Ulisambaa kuliko mpira. Hakudai senti. Hakuwa tapeli, na hilo ndilo lililomuudhi Dokta zaidi, kwani tapeli angejua la kumfanya.

Alimpigia simu akamweleza kwamba sauti yake iko kwenye mashine za wodi na kwamba mwashi amefariki. Kaka akasema Mungu amrehemu, na watu hufa hospitali kila siku ndiyo maana yeye haendi. Kisha, kwa furaha ya mtu mwenye zawadi, akamwambia mama yao anaendelea vizuri mno. Ameacha sindano zake za insulini. Anajisafisha.

Dokta alivua koti, akamkabidhi mwenzake wodi, akaenda. Alimkuta mama kwenye kochi, macho yamezama, anahema kwa pumzi ndefu na nzito kama mtu aliyepanda ngazi, na chumba kizima kinanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kifua nacho kilikuwa kimejaa makohozi. Mama alisema mwili unajisafisha, kaka yako amesema. Dokta aliinama. Alimbeba mgongoni, mwanamke aliyembeba yeye mgongoni, akamweka kwenye gari.

Jioni mapafu yalichoka. Mwenzake alijitolea kuingiza mpira wa kupumulia, kwa kuwa si desturi daktari kumtibu mzazi wake. Dokta alisema desturi ni nzuri, na yeye ndiye mwenye mkono wa haraka kuliko wote pale, akaingiza mpira kwa jaribio la kwanza. Maji yakaanza kwenda, insulini ikaanza kwenda polepole, potasiamu ikafuata. Mashine ikavuta pumzi, ikaitoa.

"Mama yangu kipenzi," ilisema. "Umeamkaje? Mguu wa kushoto bado unawaka? Mimi nipo, mama. Leo usijichome, eti? Umechomwa vya kutosha."

Dokta alikuwa amejiandaa kwa ndugu msikilizaji. Hakujua kulikuwa na ujumbe mwingine, wa mama peke yake, wa kila asubuhi, wenye habari za mguu wa kushoto ambao yeye hakuwahi kuuliza unawaka. Aliona wivu, na wivu ulimchoma kuliko hasira. Akasogeza kiti, akakaa, akaongeza kipimo cha maji.

Kaka alifika siku iliyofuata. Mama Kimya alimpa pamba na barakoa, akavaa barakoa, pamba akaitia mfukoni. Alipita kati ya vitanda akijisikia mwenyewe kushoto na kulia. Kwenye kitanda cha sita alisimama.

"Hii imetoka safi," alisema. "Ile ya pili ina mwangwi."

"Huyo figo zake zimekufa," alisema Dokta. "Na huyo mwenye mwangwi ana pumu."

"Mdogo wangu, mimi sikumwambia mtu afe."

"Hukuwaambia. Uliwaambia waache dawa."

Alipofika kwa mama na kusikia mashine ikiuliza habari za mguu, alipiga magoti, na lile lililopona pia. Alishika unyayo wa mama kwa mikono miwili akalia kwa sauti iliyowafanya ndugu wa vitanda vingine nao walie bila kujua sababu. Nimemuua mama, alisema. Dokta akamwambia hajafa na hatakufa, kwa sababu yeye daktari yupo, lakini mama akiruhusiwa kufuata ushauri wa asubuhi atakufa, pamoja na wengine wengi ambao hawana binti hapa. Kaka akaapa kwa mama yao aliyelala pale. Akiamka tu, yeye atawatangazia watu wote kwamba amekosea. Dokta alimwamini. Alikuwa anamjua kaka yake toka utotoni, na hakuwahi kumwona akiapa huku analia.

Basi akafanya kazi yake. Sukari ikashuka kwa mpangilio, damu ikaacha kuwa chachu, kifua kikafunguka. Sauti ndani ya mashine ikapungua, ikabaki umeamkaje, umeamkaje, kisha upepo. Asubuhi sauti ilipokwisha kabisa, Dokta alichomoa mpira. Kaka alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, simu mkononi, tayari kuanza kusema.

Mama alikohoa, akameza mate, akawatazama mmoja mmoja.

"Nilikuwa mbali," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Gizani kabisa. Nikamsikia mwanangu ananiita, mama, mama, mimi nipo. Nikaifuata sauti yake mpaka hapa. Ndiyo iliyonirudisha."

Dokta alimtazama kaka yake. Kaka yake aliitazama simu. Ilikuwa imekwisha kurekodi.

Hakuwa na moyo wa kumsahihisha mama aliyetoka kufufuka, alieleza kaka baadaye koridoni, na kwa kweli nani ajuaye? Pengine yote mawili yamesaidia. Ujumbe wa mama ulisambaa kabla ya chakula cha mchana. Kitanda cha nne, kilichokuwa kimetandikwa upya, kikampokea fundi cherehani aliyetupa insulini yake jalalani, na mashine ilipotoa pumzi ya kwanza ilikuwa na sauti mbili, ya mwana na ya mama. Mama Kimya akaagiza pamba zaidi. Dokta akaosha mikono, akaanza na maji, maana kazi alikuwa anaiweza.

Alipomaliza alikwenda wodi ya kawaida na sindano ya jioni ya mama. Mama alikuwa ameegemea mito, anapokea salamu kwenye simu, uso umenawiri. Aliposikia hatua za binti yake alikunja mwenyewe upindo wa gauni na kufichua tumbo.

"Choma tu, mwanangu," alisema. "Isije ikaonekana nampendelea kaka yako."

Dokta akachoma. Sukari ikashuka vizuri, na kaka yake akapongezwa.