Kutu Iliyosuguliwa

Mzee Kinji alipoufunua ule upanga mbele yangu, nilitazama shina lake nikatamani kumnasa kofi. Shina, ile sehemu inayozama ndani ya mpini, lilikuwa linang'aa kama sufuria mpya.

"Nani kalisugua hili?"

"Mimi, fundi," akajibu kifua mbele. "Nimelipiga msasa siku nzima. Lilikuwa limeoza kwa kutu!"

Dada yake mkubwa, mama Yasue, aliyepiga magoti kando yake, alinitazama usoni akajua kuna msiba. "We Kinji, umefanya nini tena?"

Mimi ni fundi wa kunoa panga hapa Osafune, mji wa wahunzi wa panga, kama alivyokuwa baba yangu, na mdomo wangu mji mzima wanaujua. Nikamwambia mzee wazi kwamba kutu ya shina haiguswi. Weusi wake ndio unaotaja umri wa upanga. Lakini mzee ana upanga wa kuigiza wa mazoezi, wa madini laini yaliyomiminwa kwenye kalibu, na huo huupangusa toka ncha mpaka kitako. Alidhani wa kweli nao hutunzwa vivyo hivyo.

"Kulikuwa na maandishi?" nikauliza.

Akajikuna kichwa. "Kulikuwa na mikwaruzo mikwaruzo tu. Nikaitoa."

Mama Yasue akafumba macho. Mikwaruzo ile ilikuwa jina la mhunzi.

Waliukuta juu ya dari ya nyumba ya marehemu baba yao, wakati wa kuibomoa, ukiwa na mpini na ala ya kijeshi. Walikwisha kuripoti polisi, na kesho yake ulitakiwa mbele ya wakaguzi wa mkoa. Wakati wa vita alivyopigana baba yao, panga zilifyatuliwa viwandani kwa maelfu, chuma cha mtambo kilichozimwa ndani ya mafuta. Za namna hiyo sheria haizihifadhi, hukatwa vipande. Kwa mpini ule na shina lile jeupe, nani angesadiki kwamba huu si mmojawapo?

"Baba alitoka nao nyumbani kwenda vitani," alisema mama Yasue. "Namkumbuka bibi akimkabidhi kwa mikono miwili. Aliporudi kutoka vitani akaupandisha darini, hakuutaja mpaka anakufa. Nyumba imekwenda, fundi. Wakiukata na huu, tutakuwa tumemzika mara ya pili."

Nikasema nitafungua dirisha, yaani nisugue sehemu ndogo tu, urefu wa kidole, tuone chuma chenyewe. Kusema kweli sikuwa na tumaini.

Nilichukua kigae cha jiwe, chembamba kama ukucha, nikakiweka chini ya dole gumba na tone la maji, nikaanza. Kwanza ulitoka ukijivu mtupu. Nikabadilisha jiwe, kisha jingine, bila haraka, maana haraka haijawahi kunoa kitu. Jua lilipofika mlangoni nikauinua kwenye mwanga.

Chuma kilikuwa na mishipa kama ya mbao, alama ya kukunjwa na kufuliwa tena na tena. Na kandokando ya makali lilitanda wingu jeupe, limejaa chembe zinazometa kama umande ulioganda juu ya majani ya vitunguu. Mtambo hauwezi hayo. Mhunzi aliupaka upanga udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, akautosa majini ukiwa mwekundu. Nyingi hupasuka hapo hapo. Huu ulijipinda wenyewe ndani ya maji, ukaishi, na alama ya yale maji bado ilionekana, ndiyo lile wingu. Nimenoa maisha yangu yote, na bado sielewi mwanadamu aliwezaje.

"Njooni muone," nikasema. "Msiupumulie, pumzi huleta kutu!"

Mzee Kinji akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kesho yake niliwasindikiza kwa wakaguzi, na mmoja wao, mtu mwembamba mwenye kikohozi, aliliona shina akasonya. Kisha akafika kwenye lile dirisha nililolifungua. Akamwita mwenzake, akaomba taa. Mwisho aliuinamia ule upanga kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Ni wa kale. Hautakatwa," alisema. "Nauandikisha bila jina."

"Bila jina?" mzee Kinji akauliza kwa sauti ndogo.

"Lilikuwepo. Limesuguliwa majuzi."

Mzee akaweka paji la uso sakafuni, akalia mbele za watu. Nilikuwa nimemwekea maneno tangu jana. Nikayameza.

Nje, nilipokuwa naupaka mafuta, akanisogelea. "Fundi, kutu itarudi?"

"Itarudi ukiiacha."

"Baada ya muda gani?"

"Ile nyeusi yenyewe? Labda miaka mia tatu, mzee wangu."

Alitazama mikono yake, akaificha nyuma ya mgongo.

"Basi imeanza leo," akasema. "Dada, mtu yeyote asiliguse shina hili."