Waya wa Gillian

Mie nina mdomo, sikatai. Ukunda nzima ukiuliza Bi Mwanapili wa zile fleti za ghorofa tatu ni yupi, utaambiwa msikilize anayefoka, ndiye huyo. Nyumba ya wapangaji kumi na sita haiendi bila mdomo. Lakini leo naona afadhali Mungu angeniumba bubu.

Mwenye nyumba, Bwana Jethro, anakaa Nairobi. Mwaka jana alipatana na kampuni moja ya intaneti iwahudumie wapangaji wote, na kampuni nyingine isikanyage pale. Kisanduku chao kikafungwa chini ya ngazi, ufunguo nikapewa mie. Basi juu ya kazi yangu ya maji na taka, nikawa msimamizi wa intaneti, mie niliyeishia darasa la saba! Ikikatika, mlango unaogongwa ni wangu. Na ilikuwa ikikatika, jamani, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Nikiwapigia kampuni naambiwa mafundi wako njiani. Njia gani hiyo isiyofika, sijui.

Sasa Nereah. Nereah anakaa chumba namba tano, anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Mpole, mtoto wa watu, hakupiti bila "Shikamoo, Bi Mwanapili." Walipoachana na mumewe Muthoka, yule mwanamume alimchukua binti yao Mumbe, wa miaka sita, akamwacha kwa mama yake huko bara, kisha akaenda zake. Nereah akashtaki arudishiwe mwanawe. Kesi zenyewe siku hizi husikizwa kwa simu, kila mtu pale alipo, hakimu unamwona kwenye kioo. Mwezi wa tatu alipoitwa, intaneti yetu ilikuwa imekatika. Hakuonekana, kesi ikafutwa. Akaomba, akalia, ikafufuliwa. Lakini hakimu alimwambia waziwazi kwamba asipoonekana tena, imekwisha, na mtoto atabaki kwa bibi yake.

Wiki iliyopita akaja mlangoni kwangu. "Bi Mwanapili, ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Tafadhali."

"Wallahi Jumanne haikatiki," nikamwambia. "Nitakaa na kile kisanduku mwenyewe."

Akasema ahsante huku akitazama chini. Nikadhani ni haya tu alizo nazo.

Jumanne saa mbili nilikuwa nishaketi chini ya ngazi, na leso yangu mabegani. Taa zote za kisanduku zilikuwa kijani. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijiona nami leo nina maana katika dunia.

Saa tatu haijapita sana, simu ikalia. Bwana Jethro. Watu wa kampuni wamemtumia picha: waya wa kampuni nyingine unaingia ghorofa ya pili.

"Kwani unalala huko, Mwanapili?" akasema. "Utolewe sasa hivi, ama utafute kazi nyingine."

Damu ikanichemka. Mwenye waya nilimjua: Gillian, msichana wa bara anayeuza nguo kwa kujionyesha kwenye simu. Nilishamkataza mara mbili! Nikapanda ngazi magoti yakilia, na kweli, waya huo hapo, umepita juu ya mlango wake.

"Gillian! Toka!"

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, akasimama mbele yake na mikono ameitanua.

"Aki mathe, polepole," akasema kwa sauti ya chini. "Nipe nusu saa tu, nitautoa mwenyewe."

"Nusu saa! Ebo! Mimi nimekuwa mtoto mwenzio?"

"Mathe, woiye, nisikize. Saa hii si mimi natumia, ni—"

"Ni nani? Ni shetani?"

Sikungoja jibu. Niliushika ule waya kwa mikono miwili nikauvuta kwa nguvu zangu zote, ukang'oka na plasta ya ukuta. Nikasema, "Haya! Mwambie huyo anayetumia aje kwangu!"

Ndani ya chumba nikasikia sauti. "Halo? Mheshimiwa? Mheshimiwa, nipo, nipo hapa! Mheshimiwa?"

Ya Rabi.

Nereah akatoka na simu mkononi, amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Alitazama waya mikononi mwangu. Nikamshika mkono nikamteremsha hadi chini ya ngazi. "Hii yetu inafanya kazi, mwanangu, tazama, taa zote kijani!" Akabonyeza. Kiduara kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka. Taa kijani, na intaneti hakuna. Akaninyang'anya mkono wake akakimbia hadi langoni, ambako ndiko pekee simu zetu hupata mtandao, nao wa kusuasua, akajiunga upya, akawekwa angoje kuruhusiwa. Alipofunguliwa aingie, hakimu alikuwa na kesi ya watu wengine. Karani akamwambia yake imeitwa mara tatu, hakujibu mtu, imefutwa.

Akaketi pale pale chini, kwenye mchanga, na ile blauzi yake nyeupe.

"Nereah, kwa nini hukuniambia?" nikauliza. "Neno moja tu! Ningeulinda waya ule na roho yangu."

"Mwezi wa tatu pia uliniapia," akasema. Hakupandisha sauti. "Na ningekuambia nimeomba kwa Gillian, ungeukata tangu jana yake. Nilikuogopa, Bi Mwanapili."

Wanasema hasira hasara. Kweli, lakini hasira ilikuwa yangu na hasara imekuwa ya mwingine. Kazi yangu bado ninayo. Bwana Jethro amenitumia ujumbe wa kunishukuru.

Tulikuwa bado pale langoni simu ya Nereah ilipoita. Jina kwenye kioo lilikuwa la dada yake Muthoka, mwenye huruma, ambaye humpa mtoto simu kwa siri. Nereah akaitazama ikilia. Kisha akaninyooshea mie.

"Sina sauti," akasema. "Pokea wewe."

Nikapokea. "Mama!" mtoto akasema, mbio mbio. "Shangazi amenisaidia kufunga nguo zangu zote. Nakuja leo ama kesho?"

"Mimi ni Bi Mwanapili, mjukuu wangu," nikasema. "Mama yupo. Utakuja tu, mwanangu, inshallah, hivi karibuni—"

Nereah akainua uso.

"Usimwahidi," akasema. "Tafadhali. Wewe usimwahidi mwanangu kitu."

Nikanyamaza na simu sikioni. Huko upande wa pili Mumbe aliuliza tena, leo ama kesho.