Mtandao wa Marehemu Kapteni

Wageni wakishuka bandarini kisiwani kwetu Carriacou huuliza mambo mawili: bahari iko wapi, na mtandao uko wapi. Bahari haina shida, ukijikwaa tu umeifikia. Mtandao ndio wenye utaratibu wake. Tangu kimbunga kiuangushe mnara wa upande wetu, intaneti ya kijiji cha Morne Tibo hupatikana mahali pamoja tu, napo ni makaburini, juu ya babu yangu.

Nasema haya kwa heshima zote. Marehemu Kapteni Philbert Cudjoe aliishi na kufa bila kushika simu. Aliziita kengele za ng'ombe. Hata hivyo kaburi lake liko ukingoni mwa kilima, likitazama kisiwa cha jirani chenye mnara mzima, na ukisimama pale unapata mtandao ambao hata mkuu wa shule yetu ya bweni hana ofisini kwake. Nina uhakika, kwa sababu wa ofisini kwake nimewahi kuutumia.

Siku Bwana Halvard alipotufikia, nyumba yetu ilikuwa imepinduka juu chini. Ilikuwa siku ya karamu ya jiwe. Kwetu mtu hazikwi pamoja na jiwe lake. Anazikwa kwanza, anawekewa msalaba wa mbao na makombe ya baharini pembeni, halafu familia inajikusanya polepole mpaka jiwe lipatikane na watoto warudi kutoka Brooklyn na Huddersfield. Jiwe la babu lilikuwa limelala kitandani kwa Bibi Olympe usiku kucha, limefunikwa shuka, kama inavyotakiwa. Asubuhi bibi alitangaza kwamba halikukoroma, kwa hiyo lilikuwa afadhali kuliko mwenyewe.

Mimi nilitumwa ramu dukani kwa Tanti Verlyn, dada wa mama yangu. Tanti alikuwa ameshavaa kofia yake ya kanisani, ile pana inayomlazimu kupita mlangoni kiubavu, lakini duka alikuwa hajalifunga. Ndipo akaingia mzungu mmoja mrefu wa makamo, mwekundu kama kaa aliyechemshwa, simu mkononi.

"Nataka data," akasema.

Tanti akaendelea kupanga makopo ya maziwa.

"Samahani. Data. Ya simu. Mnauza?"

Tanti akalikazia macho kopo moja kama amelikuta linamsengenya.

"Mama, ni dharura!"

"Zephrine," Tanti akaniita, "umesikia mtu yeyote akiingia humu dukani?"

"Mtu sijasikia, Tanti. Nimesikia data."

Mgeni akanigeukia kama mtu anayezama. Nikamnong'oneza: "Toka nje. Ingia upya. Anza na habari za mchana."

Akatoka. Akaingia, akagonga kichwa kwenye kizingiti, akasema kwa uchungu wa kweli, "Habari za mchana!"

Tanti akachanua kama ua. "Nzuri, mpenzi! Karibu, karibu! Masikini, jua limekubabua. Mama yako mzima? Umekula wewe? Unaitwa nani?"

Akajibu kwamba anaitwa Halvard, ametoka Norwe, mama ni mzima, hajala, na je, sasa anaruhusiwa data? Akapewa laini, akapewa na bando, na kipande cha keki ya nazi ambacho hakukiomba. Akachomeka laini. Simu ikatafuta. Ikatafuta tena. Akatoka nje akaipandisha juu ya kichwa, na urefu wake huo, bado hola.

"Hakuna mtandao!"

"Mtandao upo," nikamwambia. "Uko kwa babu yangu."

"Naweza kuongea naye?"

"Kuongea unaweza. Asipojibu usichukulie vibaya."

Tukapanda kilima, yeye akikimbia na mimi nikimfuata na chupa za ramu. Njiani akanieleza msiba wake. Huko kwao msituni kuna mnyama mkubwa kuliko ng'ombe, mwenye pembe kama mabeleshi mawili, na watu wazima wenye kazi zao hushindana kumwita kwa sauti ya mdomo. Fainali ilikuwa siku hiyohiyo. Halvard alipaswa kuwa ameshafika nyumbani, lakini bahari ilichafuka, boti haikuondoka, na majaji wakakubali kwa shingo upande aite kwa simu, saa nane kamili kwa saa zetu. Asipoonekana, kombe linabaki kwa shemeji yake, Roald.

"Si mwakani utamshinda?" nikamfariji.

Akasimama katikati ya njia. "Roald analiweka chooni. Anatia humo brashi ya kusugulia choo. Kombe la fedha. Limeandikwa jina la baba yangu, maana ndiye mshindi wa kwanza."

Nilimhurumia kwa dhati, na nikaamua kumsaidia zaidi ya alivyoomba.

"Sikiliza," nikamwambia tulipofika kaburini. "Kapteni hapendi watu wa haraka. Vua viatu. Piga magoti. Mkono mmoja ukumbatie msalaba, mwingine ushike simu. Ukiuachia tu, mtandao unakata."

"Kweli?"

"Bwana Halvard, sisi wa shule ya bweni hatufanyi mzaha na sayansi."

Akavua viatu. Akapiga magoti kati ya makombe, akaukumbatia msalaba, na mtandao ukaja, kama ambavyo ungekuja hata angesimama kwa mguu mmoja. Akanitazama kwa shukrani kubwa hadi ikanibidi niangalie pembeni. Kwenye kioo wakatokea majaji watatu waliovaa sweta. Kila mshiriki alipewa miito mitatu, wakamkumbusha, na wa mwisho ndio wenye alama nyingi.

Akavuta pumzi.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Ilianzia chini kabisa, mahali njaa inapokaa, ikapanda ikitetemeka, ikafika juu ikakatika, halafu ikateremka kwa vikwifukwifu. Ilikuwa sauti ya jike la mnyama yule anayetafuta mwenzi wake msituni. Mbuzi waliokuwa wakila majani makaburini waliondoka bila kuagana.

Sasa, karamu ilipangwa saa tisa, na kwetu saa tisa maana yake ni wakati wowote kabla ya giza. Lakini Bibi Olympe alikuwa ameona wingu la mvua akaamuru msafara uondoke mapema. Kwa hiyo mwito ule wa kwanza ulipokuwa unamalizikia, familia yote ilikuwa inajitokeza kwenye kona: ngoma mbele, kofia ya Tanti Verlyn ikifuata, na wajomba zangu wanne wamebeba jiwe lililofunikwa shuka. Wakasimama. Ngoma ikanyamaza. Walichokiona ni mwanaume mgeni, bila viatu, amepiga magoti, amemkumbatia Kapteni na kumlilia kwa sauti.

"Yesu na Maria," akasema Tanti. "Si yule mtu wa data, wa Norwe?"

"Anamlilia baba," akasema Mjomba Ferdie.

"Mbona dukani hakusema kama amefiwa?" Kisha Tanti akashika kifua. "Ferdie. Tazama masikio."

Wote wakatazama masikio. Masikio ya babu yalikuwa mashuhuri; watu walisema siku za upepo hakuhitaji tanga. Na ya Halvard, yaliyobabuliwa na jua na kumulikwa kwa nyuma, yalisimama pale kila moja kivyake, makubwa, mekundu, yasiyo na la kujitetea.

"Philbert!" Bibi Olympe akalifokea kaburi. "Philbert Cudjoe! Na ulikuwa ukiniambia unakwenda kununua mbao!"

"Mama," akasema Mjomba Ferdie, "mbao za Norwe ni nzuri sana."

"Funga mdomo, Ferdie. Shusheni jiwe."

Maana karamu ya jiwe ina sheria moja ambayo hakuna anayethubutu kuichezea: mtoto wa marehemu, wa ndani au wa nje, hawezi kuachwa. Asipopewa ramu yake na sahani yake, jiwe halikai sawa, na babu angelala amepindika milele. Tanti Verlyn akapanda hadi kaburini, akanipokonya chupa, akajaza kibuyu.

Ningeweza kusema neno. Lakini shuleni tunafundishwa kutowakatiza wakubwa.

Halvard, masikini, alikuwa ndiyo kwanza ameanza mwito wa pili alipokumbatiwa kwa nyuma na mwanamke mwenye kofia ya ukubwa wa meza. Sauti ikaminywa, ikaruka juu kama filimbi. Majaji wakasogeza nyuso kwenye kioo.

"Lia, ndugu yangu, lia!" Tanti alikuwa naye analia. "Kumbe ni wewe! Na mimi nikakununia! Na hawa kwenye simu ndio ndugu zako? Habari zenu jamani! Mbona mmevaa hivyo, mnaumwa?"

"Mama, nakuomba, nina mashindano..."

"Najua, najua, uchungu unashindana. Kunywa."

Akakitia kibuyu mdomoni mwake. Ramu yetu ni ile ambayo ukitia barafu, barafu inazama. Halvard alimeza kwa adabu, kwa kuwa hakujua. Macho yakamtoka. Akafungua kinywa kwa ajili ya mwito wa tatu, ule wenye alama nyingi, na kikatoka kitu kama upepo wa tairi lililochomwa msumari.

Akanigeukia. "Sauti," akanong'ona. "Sauti imekwenda."

Kwenye simu mmoja wa majaji alikuwa anatazama saa yake. Nakiri kwamba kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuwa na la kubuni.

Ndipo Bibi Olympe akafika, akipumua kwa shida, akapiga magoti upande wa pili wa msalaba. Bibi hakulia siku ya mazishi. Watu walisema sana. Yeye alisema tu kwamba ameolewa na baharia, amezoea kumuona akiondoka. Sasa akamtazama yule mtu mzima aliyekuwa anapigania kulia na kilio hakitoki.

"Pumzika, mwanangu," akamwambia. "Nitakumalizia."

Akalia. Ilitoka sauti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama anayo. Ilianzia kwenye makombe, ikapanda kilima, ikavuka juu ya maji, ikakaa huko muda, ikarudi. Wajomba wakavua kofia. Na ilipokuwa inateremka, Halvard akapata kooni mwake mkoromo mzito wa ramu, akaujibu, chini kabisa, kama dume lililosikia likiwa ng'ambo ya mto. Wakaitikiana hivyo, bibi yangu na mgeni wa data, msalaba katikati yao. Jaji mmoja akavua miwani akajifuta.

Kisha kioo kikaganda. Bando limeisha. Salamu za Tanti ndizo zilizolimaliza.

"Nimeshinda?" Halvard akanong'ona akiitikisa simu. "Nimeshindwa? Wamesema nini?"

Hapo ilinibidi niwaeleze watu wote ukweli: mnyama, majaji, Roald na brashi.

"Kwa hiyo hamlilii baba?" akauliza Mjomba Ferdie.

"Analilia kombe."

"La chooni?"

"La chooni, Mjomba."

Wakalipima jambo lile. "Shemeji mshenzi huyo," akasema Ferdie hatimaye, na familia nzima ikawa upande wa Halvard. Wakatoa simu zao wote, za Brooklyn na za Huddersfield. Hakuna hata moja iliyokuwa na bando. Macho yakamrudia Tanti Verlyn. Akahema, akavua ile kofia ya kanisani, akachomoa vocha kutoka ndani ya utepe wake.

"Mnanitazamia nini? Mtu wa biashara hatoki mikono mitupu."

Halvard akaikwangua kwa kombe la baharini, akapiga tena. Majaji walikuwa bado wapo, wanabishana. Kanuni, wakasema, inaruhusu msaidizi mmoja. Umri wa msaidizi haukutajwa. Jike lile la pili halijawahi kusikika katika mashindano yao, na kwa hiyo kombe ni la Halvard. Nyuma yao akaonekana bwana mnene mwenye sura ya kununa, akiagizwa aende akalioshe.

"Kwa maji ya moto," akasema bibi nilipomweleza. "Mara mbili."

Walipokwisha kushangilia, Tanti akaona haya. "Kwa hiyo si mtoto wa baba. Na sahani yake, Mama? Tuirudishe?"

Bibi akamjibu kwa Kipatwa, lugha ya wazee, ambayo Halvard hakuielewa. "Mlidhani sijui? Philbert alikuwa akivuka tu kwenda Trinidad anatapika njia nzima. Norwe angefikaje? Nilitaka kumsema kidogo, nafasi yenyewe siku hizi siipati. Lakini mtu aliyempigia magoti mume wangu bila viatu, mimi simrudishi na njaa." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka la jiwe.

"Amesema nini?" Halvard akaniuliza kwa ile sauti yake ya tairi.

"Amesema," nikamjibu kwa unyenyekevu, "wanaume wa familia hii ndio wanaobeba jiwe."

Akatia simu mfukoni, akashuka mbio pekupeku, akaingiza bega chini ya kona moja. Na kwa kuwa aliwazidi wajomba wote kwa kichwa na shingo, jiwe lilipanda juu upande wake, wote wanne wakarundikana upande wa chini wakimtukana kwa mapenzi, na Kapteni Philbert Cudjoe akapandishiwa jiwe lake likiwa limeinama kama merikebu kwenye upepo mkali, bibi akiwapigia kelele kutoka juu kwamba wakilivunja atalala na vipande.