Kikomo cha Boila

Nilikuwa nimeshika pampu ya mkono, Baba Mapacha ameshika kikombe cha chai, na mshale wa geji ya presha pale mezani ulikuwa unapita nane bila mashine yetu ya kulinda boila kusema lolote.

“Pampu tena,” akasema. Tunamwita Baba Mapacha kwa sababu hao mapacha wake ndio habari ya kwanza kila asubuhi. Ofisini tuko wawili tu wa kuandika programu, na tunagombana kama wake wenza.

Nikapampu. Tisa. Kumi. Taa ya kijani inang'aa tu, kengele kimya.

“Imekufa?” akauliza.

“Ingekuwa imekufa taa isingewaka.” Nilimjibu kwa ukali, maana mimi nikiogopa huwa mkali, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Mashine kama ile, yenye programu hiyo hiyo mpya, imefungwa kwenye boila la kiwanda cha kufulia nguo, ng'ambo ya mji, na mwenye zamu kwenye boila hilo ni kaka yangu wa tumbo moja.

“Kabla sijaanza kupampu, ulifanya nini?”

“Nilichomoa waya wa kipimo, nikauchomeka. Si ndiyo sehemu mpya niliyoiandika hiyo? Waya ukilegea ukarudi, programu inafuta kila kitu na kusoma mipangilio yake upya.”

“Inaisomea wapi?”

“Pale pale unapoisomea wewe. Nimeiita funksheni yako, ile ile ya kusoma mipangilio, sijaongeza hata herufi.”

Hapo nikaelewa kosa lilipo. Programu ile nimeiandika kwa lugha ya C, na mipangilio yake yote inapewa kwenye mstari mmoja wakati wa kuiwasha: kipimo=1,kikomo=8,kengele. Maneno matatu yameunganishwa kwa mikato. Kuyatenganisha nilitumia getsubopt, funksheni inayokuja tayari na mfumo, ambayo ina tabia moja mbaya. Haisomi maneno na kuyaacha yalivyo. Kila ikikuta mkato inaufuta, na mahali pake inaweka sifuri, alama ambayo kwa C maana yake ni kwamba maneno yameishia hapo. Ukisoma mara moja unapata yote matatu. Ukirudi kusoma mstari ule ule mara ya pili, unakuta kipimo=1, basi. Kikomo hakipo, kengele haipo. Na mashine isiyo na kikomo itawasha taa ya kijani mpaka siku ya kiama, kwa sababu hakuna kinachoweza kukizidi.

“Ungetengeneza nakala kwanza, ukaikata hiyo nakala,” akasema Baba Mapacha, sauti imeshuka.

“Na wewe ungeniuliza kwanza!”

Tungeendelea hivyo mpaka jioni, lakini nilikumbuka ujumbe wa sauti wa Kaka wa asubuhi, ule niliousikiliza nikipiga mswaki na kucheka. “Mdogo wangu, huu waya wenu umelegea tena. Nimeusukuma ndani, taa imerudi kijani. Leo tuna shuka za hoteli nzima, hili boila litanijua mimi ni nani.”

Nikanyakua simu. Valvu ya usalama ya boila lile, ile inayoachia mvuke presha ikizidi, imezibwa. Ilikuwa inavuja, mpya ikaagizwa, na meneja akaona hakuna haja ya kusimamisha kazi wakati mashine yetu ipo, inazima moto yenyewe presha ikifika nane. Nilikuwepo akisema hivyo. Nilitikisa kichwa kukubali, tena nikiwa najisikia mtu.

Nikampigia Kaka. Ikaita mpaka ikakata. Simu yake huiacha kwenye kabati la nguo, kwa sababu kule chini kuna joto na kelele hata ukipigiwa husikii. Nikapiga mapokezi ya kiwanda.

“Eeh, ni wewe!” Dada wa mapokezi ananifahamu. “Umetupotea jamani, hata salamu? Mama hajambo?”

“Dada, nakuomba. Mkimbilie kaka yangu kwenye boila. Mwambie azime moto sasa hivi, asifungue kitu chochote, atoke nje. Na nyinyi wote mtoke.”

“Kuna nini?”

“Litapasuka!”

Nikasikia simu inawekwa juu ya meza, halafu viatu vyake vinakimbia. Nyuma yake mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma kama kawaida, na mtu alikuwa anacheka. Baba Mapacha alishatoka kutafuta pikipiki ya kutupeleka kiwandani. Nilibaki peke yangu na ile sauti ya kicheko, nikiisikiliza kwa mwili mzima, nikingoja ikatike.

Viatu vikarudi.

“Hataki.” Alikuwa anahema. “Anasema taa ni ya kijani. Anasema nisimtie hofu bure, hiyo mashine kaitengeneza mdogo wake, anamjua tangu anatambaa, hajawahi kukosea hesabu.”

 Kaka ana kichwa kigumu, hilo tunalijua nyumbani. Lakini siku hiyo hakuwa mbishi. Alikuwa ananiamini, na imani hiyo ilikuwa inamweka pale, mgongo wake hatua chache kutoka kwenye lile boila.

“Rudi,” nikasema. “Mwambie ni mdogo wake anayesema. Mwambie nimekosea. Mimi. Mwambie aitazame geji ya zamani, ile ya mshale, asiitazame taa.”

“Na mimi nirudi kule tena?”

“Ndiyo. Nisamehe, dada. Ndiyo.”

Alirudi. Mpaka leo sijui alipata wapi moyo huo. Nilibana simu sikioni hadi sikio likauma. Nikasikia ukelele wa mwanamume, halafu mlango wa chuma, halafu watu wengi wanatoka kwa vishindo. Kisha mashine za kufulia zikazimika moja baada ya nyingine, na ule ukimya ulinitisha kuliko chochote. Nilikuwa nalia nikiita “Kaka, Kaka,” kwenye simu isiyo na mtu.

Kuna mtu akaishika.

“Nimezima,” akasema Kaka. Sauti ilikuwa nyembamba, si yake. “Mshale umepita nyekundu yote. Umegota mwisho.”

“Toka hapo!”

“Natoka. Ngoja.” Alivuta pumzi. “Zamani nilikuwa naitazama ile geji kila nikigeuka. Tangu mfunge mashine yako sijaitazama hata mara moja. Nilijua upo.”

Nikamwambia atoke, tafadhali, atoke nje kabisa, avuke barabara. Akaitikia “sawa” kama mtoto, bila utani wowote, akaenda.