Kopo Lililotoboa Sakafu Mbili

"Amerika hii mimi dawa sinunui," Wilondja aliwaambia watu nje ya kanisa, Sharpstown, Jumapili moja ya mwezi wa tatu. Alikuwa ameegemea gari la mtu mwingine, kwa kuwa lake lilikuwa limeshauzwa kama chuma chakavu. "Dawa njo inanitafuta. Inafika mupaka kwenye mulango, inapiga hodi."

Tumpe haki yake: hakuwa anadanganya. Alikuwa anajidanganya tu, na hilo ndilo huja na bei kubwa zaidi.

Kabla ya hapo Wilondja alikuwa na van ya viti kumi na vitano. Kila alfajiri aliwapeleka akina mama tisa kwenye ghala la mji wa Katy, na jioni akawarudisha, akiwaambia njia nzima kwamba Houston nzima hakuna dereva kama yeye. Mwezi wa kwanza lori likahama njia bila kutazama. Van ikafa pale pale, na mgongo wa Wilondja ukabaki nusu. Akina mama wakaanza kuamka saa tisa usiku kutafuta lifti za watu wasiowajua, na wawili wakafukuzwa kazi kwa kuchelewa. Wilondja aliwaapia kwamba fidia ikitoka, fedha ya kwanza itanunua van nyingine. Hakuwa na ndoto nyingine zaidi ya hiyo.

Wakili, mama mmoja Mtexas mwenye sauti ya kubembeleza, alimwambia kesi itachukua mwaka, lakini asiteseke. Iko famasi moja haidai kitu kwa sasa. Unatia sahihi, wanakuletea dawa nyumbani, na siku fidia ikitoka wanachukua chao kabla yako. Mado, mke wa Wilondja, aliyewahi kuuza vitenge soko la Uvira, kule Kongo, akaziita dawa za rehani. Rehani yenyewe ilikuwa fedha ambayo hakuna aliyekuwa ameiona.

Kopo la kwanza la krimu ya mgongo lililetwa na kijana aliyelishika kwa vidole viwili. Wilondja alipotia sahihi na kulipokea, kopo likashuka na mkono wake hadi kwenye kapeti. Akajaribu kuliinua, halikuinuka. Kijana akamtakia siku njema akaenda zake. Mado akaleta mizani ya bafuni, wakalisukumia kopo juu yake kwa miguu, na mizani kabla ya kuvunjika ikaonyesha paundi elfu moja mia tisa.

"Ni muzito," Mado akasema, akaenda kugeuza wali.

Krimu yenyewe ilikuwa nyepesi kama krimu. Ukifungua kifuniko unachota kwa kidole, unapaka, unapata nafuu kidogo. Uzito ulikuwa wa kopo, na kopo likiisha halikupungua hata robo. Gari la taka lilijaribu kuchukua moja, likanyanyuka magurudumu ya mbele, dereva akalirudisha kwa adabu mlangoni.

Sasa hapa ndipo Wilondja alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa Texas hawezi kulifanya hata ukimfundisha. Kila baada ya wiki mbili dada mmoja wa famasi alipiga simu kuuliza kama angependa kopo jingine. Wilondja kalelewa Fizi, huko huko Kongo, na bibi ambaye angemchapa mtu aliyekataa kitu alicholetewa. Kwa hiyo kila mara alijibu ndiyo, asante sana, Mungu akubariki, na watoto wako hawajambo? Yule dada hakuwa na watoto. Alibonyeza kitufe tu. Kopo likaja, sahihi ikatiwa, chini pu.

Krimu ilipozidi, Mado akafanya ambacho angefanya mtu yeyote mwenye kwao. Jumapili baada ya ibada walipanga foleni sebuleni, huyu goti, yule bega, mzee mmoja wa kanisa sehemu ambayo hakutaka kuitaja, na Mado akawapaka wote bure. Sifa zikaenea mpaka Arlington. Wilondja akakaa kitini kama chifu.

Mpaka mwezi wa kumi makopo yalikuwa ishirini, na jengo zima lilikuwa limeinamia upande wao. Milango ya majirani ilijifungua yenyewe. Mpira wowote ulioachwa uani ulijikuta asubuhi mlangoni kwa Wilondja. Mwenye majengo hakuuliza sababu. Alibandika karatasi ya faini ya dola sabini na tano kwa kosa la kuinamisha jengo.

Kisha fidia ikatoka, dola elfu sitini. Wilondja alivaa suti. Wakili akampa karatasi moja, na Kethia, binti wa Wilondja anayesomea uuguzi chuoni, akamsomea. Wakili, elfu ishirini. Gari la wagonjwa, elfu moja na mia nane. Famasi, elfu thelathini na nane, makopo ishirini kwa elfu moja mia tisa kila moja. Wilondja, mia mbili.

"Mia mbili elfu?" akauliza.

"Mia mbili, Papa. Just two hundred."

Wilondja akaikunja karatasi mara nne. Alirudi nyumbani akaketi kati ya makopo yake, na ile foleni ya Jumapili ilipokuja, kwa mara ya kwanza hakumsalimia mtu. Dola mia mbili hazinunui hata kioo cha pembeni cha van.

Mado alichukua kibandiko cha kopo akakipeleka kwenye famasi ya kawaida pale mtaani, kwa Lydiah, Mkenya anayehesabu vidonge nyuma ya kaunta. Lydiah akakisoma mara moja.

"Hii, mama? Hii ni dola kumi na moja. Na hiyo ni bila insurance."

Akamletea kopo. Dawa ile ile, kampuni ile ile iliyoitengeneza. Mado akalipa, akalirusha hewani, akalidaka. Lilikuwa jepesi kama yai.

Alipompigia wakili kumweleza, wakili alisema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba bei za famasi ile si msahafu. Mtu huweza kuomba wapunguze. Yeye huandika barua, wao hujibu baada ya wiki sita, hupunguza kidogo. Mado hakusikia sehemu ya barua. Aliweka simu chini taratibu.

Miaka saba amelipa bei iliyobandikwa, kila duka, bila kufungua mdomo, kwa sababu siku ya kwanza kushuka ndege aliambiwa Amerika hawapatani bei. Alipitisha miaka saba amefunga meno kama aliyefunga saumu. Na kumbe wanapatana.

"Baba Kethia," akasema, "vaa viatu. Tunaenda soko."

Ofisi za famasi zilikuwa ghorofa ya tatu, jengo la vioo kando ya barabara kuu. Walikwenda na kopo moja tu, kwa kielelezo, likiwa juu ya toroli ya kuinulia mizigo iliyoazimwa ghalani Katy. Aliyelisukuma hadi ndani, kwa ujasiri ambao watu wa kwaya bado wanauzungumzia, ni huyu huyu anayewasimulia. Lifti ilikuwa na kibao cha paundi elfu mbili mia tano, kwa hiyo kopo lilipanda pamoja na Kethia peke yake, na wengine wakapita ngazi, Wilondja akipumzika kila ngazi ya tano.

Meneja aliwasikiliza kwa tabasamu. Akasema elfu thelathini na nane ni haki, sahihi zipo, na hilo kopo waliweke tu mezani.

Wakaliweka. Likatoboa meza, likatoboa sakafu, likapita ofisi ya watu wa kodi ghorofa ya pili, likatoboa na pale, likatua ukumbini chini karibu na mlinzi, ambaye alilisogezea koni ya njano ya tahadhari. Meneja akachungulia kwenye tundu, akaandika kitu kwenye daftari. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyekimbia. Mtu aliyezoea mambo ya dunia hakimbii kopo.

Mado akavuta kiti karibu na tundu, akaketi, akapanga kitenge chake magotini.

"Mukubwa," akasema, "tuseme ukweli. Bei ya mwisho ni ngapi?"

Kethia akatafsiri. Meneja akasema bei ya mwisho ni hiyo hiyo. Mado akacheka kicheko cha Uvira, kile kinachomfanya muuzaji aone aibu kwa niaba ya ukoo wake, akasimama, akashika njia. Alikuwa hajafika mlangoni meneja akasema elfu thelathini. Chini ukumbini kitu kikaguna. Mlinzi akapaza sauti kwamba kopo limenyanyuka kidole kimoja.

Mado akarudi kuketi.

Walikaa pale saa tatu. Mado alimsifia meneja tai, akamlaumu, akamwita mwanangu, akamwonyesha mgongo wa mumewe, akamwonyesha risiti ya Lydiah, akanyamaza dakika kumi nzima akitazama dirishani kama aliyesahau alikuja kwa nini. Kila bei iliposhuka, kopo lilipanda. Kwa elfu kumi na mbili watu wa kodi walipiga simu kusema limefika kwao, wakaliona linapita kando ya mashine ya kahawa. Kwa elfu tano kifuniko kilichomoza kwenye tundu. Meneja alijaribu kusimama hapo. Mado akanyanyua pochi, meneja akaketi.

Kwa elfu moja na mia moja kopo likatoka, likasimama hewani pale ambapo meza ilikuwa, na Mado akalichukua kwa mkono mmoja.

"Ya hasara kwangu," akasema, "lakini kwa sababu ni weye."

Meneja akatia sahihi. Mado akachukua na kalamu, kwa kuwa anayenunua kwa wingi hupewa nyongeza, na meneja, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshaelewa soko, hakumkatalia. Walipofika nyumbani jengo lilikuwa limenyooka, na milango yote imejifunga. Wilondja aliyabeba makopo kumi na tisa kwenye mfuko mmoja wa nailoni hadi jalalani, akiimba, mgongo unauma vile vile.

Famasi nayo haikulala. Iliweka sakafu za chuma ghorofa zote, na ili kulipia chuma hicho bei ya kopo moja ikapanda hadi dola elfu mbili mia moja na hamsini. Yule dada anaendelea kupiga simu zake.

Jumatatu iliyofuata van mpya, yaani mpya kwa Wilondja, iliyonunuliwa kwa fedha iliyookolewa, iliondoka Sharpstown ikiwa na akina mama wote tisa, maana wale wawili walirudishwa kazini. Mado alikaa mbele kama malkia. Kethia alipata lifti ya kwenda chuo. Charlotte, mmoja wa wale tisa, aliyeteleza dukani mwezi uliopita na naye kapata wakili, alipanda akiwa na kopo lake la kwanza kwenye kitoroli cha sokoni. Van ikalalia upande wake. Wenzake wanane wakahamia upande wa pili bila kuambiwa, na van ikanyooka, ikashika barabara ya Katy.

Njiani wakamwomba huyu huyu anayewasimulia, aliyekuwa kiti cha nyuma, kisa cha ghorofa ya tatu. Wakasimuliwa mwanzo hadi mwisho, na msimulizi alipofika pale ambapo kopo linatoboa meza na hakuna hata mtu mmoja aliyeshtuka, Kethia akatoa kisikizio kimoja sikioni.

"Uncle, wewe ulikuwa chini ya meza ya mapokezi," akasema. "Unaomba. In French."

Wilondja akatazama kwenye kioo. Charlotte akauliza kama alitoka huko kopo lilipopanda.

"Hapana," Mado akasema bila kugeuka. "Yeye tulimuvuta miguu."