Shingo ya Twiga

Kitendawili! Ana mguu mmoja na shingo ndefu, hali wala hanywi, lakini kila mwimbaji humsogezea mdomo. Mmeshindwa? Ni stendi ya maiki.

Wajukuu zangu wawili walianzisha lebo yao ndogo ya muziki, studio ikiwa chumba changu cha uani, kuta zimevikwa magodoro. Mkubwa, tuliyemwita Twiga kwa urefu wake, aliimba. Mdogo alikuwa fundi wa sauti, na kila tamasha aliipima stendi kwa kidevu cha kaka yake.

Twiga tulimzika kabla ya mvua. Jana lebo ilifanya tamasha la kwanza bila yeye, na mjane wake, mfupi kama mimi, ndiye aliyepaswa kuimba nyimbo zake. Fundi akaiweka stendi kwa kimo kilekile.

"Shemeji, niishushe stendi?" mjane aliuliza.

Fundi akajifanya anafungua nyaya.

Mjane akaimba amesimama kwa ncha za vidole, sauti haifiki kwenye maiki.

"Mleteeni ngazi!" mtu akapaza sauti. Watu wakacheka.

Mjane akakatiza wimbo. "Shemeji, nakuuliza. Niishushe?"

Fundi akapanda jukwaani, akaishika stendi kwa mikono miwili.

"Ishushe, shemeji," fundi alimjibu. "Kaka harudi."