Tundu la Hewa

Fundi wa hita alirudi nyumbani kutoka kazini hoi bin taabani, mikono imejaa masizi ya nyumba za watu. Chumbani alimkuta shangazi yake amejishika kichwa. Hita ya gesi ilikuwa inawaka, na tundu la hewa juu ya kitanda cha shangazi limezibwa kwa shali.

“Umeziba tena, shangazi? Hewa ya hita itatuua humu!”

“Na baridi je, mwanangu? Inanipiga utosini.”

Fundi alizima hita, akafungua madirisha, akamtoa nje mpaka kichwa kikatulia. Nguvu za kubishana hakuwa nazo. Aliporudi alilichomoa shali, akabadilisha mashuka ya vitanda vyao.

“Wewe lala kitandani kwangu, kule upepo haufiki. Mimi nitalala hapa.”

“Utaganda!”

“Nitazoea,” alisema, akajitupa kitandani na viatu vyake.